Watazamaji wanacheka mahali pa kulia: je, niondoe vichekesho vyote kwenye filamu yangu?

*"Nimemaliza uhariri wa kwanza wa filamu yangu ndefu ya kwanza. Ina dakika 112. Ni familia ya watu wanne wanaoishi pembezoni mwa jiji, kwenye zile nyumba zinazofanana kila kitu hadi rangi ya geti. Baba ameachishwa kazi miezi mitano iliyopita na hajamwambia mtu. Kila asubuhi anafunga tai, anaondoka, anakwenda kukaa ndani ya gari hadi jioni. Nusu ya kwanza ina vichekesho vingi, hasa vya majirani na kamati yao ya mtaa. Nusu ya pili ni nzito. Niliwaonyesha watu tisa. Dakika ya 58 kuna kikao cha kamati ambapo jirani anapima urefu wa ua wa mwenzake kwa tepu. Dakika ya 61 mama anaweka barua ya benki mezani, baba anajibu, 'Nilitaka kukuambia Ijumaa,' nami nakata kwenda kwa mtoto wa kiume aliyetoa macho. Watu sita walicheka. Ndilo onyesho ninalolipenda kuliko yote. Baadaye karibu wote walisema toni inayumba. Mmoja ananishauri niondoe vichekesho vyote, mwingine anasema niweke muziki wa huzuni mapema ili watu wajue mambo si ya mzaha. Sehemu ya hadithi imetoka nyumbani kwetu. Nifanye nini?"*

Kwanza usikate kitu. Ihifadhi nakala hii kama ilivyo, fungua nyingine ya kufanyia majaribio, kisha turudi kwenye kile kicheko cha watu sita, maana kina habari nyingi kuliko maoni waliyokupa baadaye.

Hofu yako, kama nimekuelewa, ni kwamba una filamu mbili zilizoshonwa kiunoni, moja ya kuchekesha na moja ya kuliza, na uzi unaonekana. Huenda. Lakini ushauri wote uliopewa, wa kuondoa vichekesho na wa kuongeza muziki, unatibu homa bila kupima damu.

Mtazamaji akisema "toni inayumba" anaweza kuwa anataja ugonjwa wowote kati ya mitatu. Pengine kasi ndiyo iliyobadilika: nusu ya kwanza inakimbia, ya pili inakokota miguu. Pengine waigizaji hawaigizi kwa kipimo kimoja. Au pengine ni toni kweli. Na toni si hisia za wahusika, jambo ambalo hata waongozaji wazoefu huchanganya. Baba anaweza kuwa analia huku filamu inamcheka, na anaweza kuwa anachekesha huku filamu inamhurumia. Toni ni mahali filamu inaposimama inapowatazama watu wake.

Chukua baba huyo wa filamu yako mbele ya kioo, asubuhi ambayo hana pa kwenda. Mpige kwa picha ya mbali, lenzi pana, mtu mdogo katikati ya chumba chenye mapazia ya maua, kisha kata haraka kwenda kwenye gari lililosimama chini ya mti: watu watacheka, tena watamcheka yeye. Sasa isogeze kamera hadi kwenye vidole vyake. Aifunge tai vibaya, aifungue, aifunge tena, sekunde 12 bila mkato. Jambo ni lilelile, mwigizaji ni yuleyule, na atakayecheka hapo atakuwa anacheka pamoja naye. Kwa hiyo kuchanganya kicheko na uchungu si kosa. Hata msibani watu hucheka, na familia inayoficha jambo huchekesha kwa sababu inaficha. Kosa ni filamu kuhama upande bila kumwambia mtazamaji. Kwa maelezo yako, nahisi kwenye vichekesho kamera yako imesimama ng'ambo ya barabara ikiwatazama majirani kama wajinga, halafu kwenye mambo mazito imevuta kiti na kukaa mezani kama mwanafamilia. Mtazamaji amevushwa barabara usingizini, akaamka mezani bado ana tabasamu la kule alikotoka.

Hili halikuanza na wewe. American Beauty ya mwaka 1999, filamu ya kwanza ya Sam Mendes na mfano unaotajwa mara nyingi wa familia ya mtaa wa pembezoni inayochekesha na kuumiza kwa pamoja, iliandikwa ikiwa na kesi mahakamani mwanzoni na mwishoni, binti na mpenzi wake wakishtakiwa kwa mauaji. Maonyesho hayo yalipigwa, kisha yakaondolewa kwenye uhariri. Bila kesi, macho ya kuhukumu yaliyoizunguka familia ile yalitoweka, na vichekesho vilivyobaki vikaweza kukaa jirani na huzuni. Kilichoondolewa kilikuwa pembe ya kutazamia.

Turudi dakika ya 61. Nadhani mambo matatu yalikutana pale, na inafaa uyatenganishe kwa sababu kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mabaki. Mtu akishacheka, mwili hautulii papo hapo. Pumzi na misuli ya uso hukaa tayari kwa kicheko kingine. Wewe unamtoa kwenye kikao cha tepu na kumfikisha kwenye barua ya benki ndani ya dakika tatu, na bila shaka kikao kinaishia kwenye utani wake mkali kuliko wote, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kufunga onyesho la kuchekesha. Utani wa mwisho ndio unaovuka mkato.

La pili ni sarufi ya mkato wenyewe. Mtu anasema neno, tunakata mara moja kwenda kwa mwingine aliyetoa macho: huo ndio muundo wa mzaha, na watazamaji wameuzoea tangu utotoni kupitia vipindi vya vichekesho vya televisheni. Ukiutumia kwenye habari ya msiba, watacheka kwa mazoea. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi ya Kisovieti, alionyesha zamani kwamba uso uleule husomwa tofauti kulingana na picha iliyowekwa jirani nao. Kwako, uso wa mtoto ndio unaoamua maana ya uso wa baba, na umeuamua vibaya.

La tatu ni sentensi. "Nilitaka kukuambia Ijumaa" ni jibu dogo kwa jambo kubwa, na udogo huo unachekesha kwa asili. Usiiguse. Ndiyo sentensi bora katika yote uliyonieleza, maana mwongo wa miezi mitano amebakiwa na Ijumaa tu ya kushikilia. Inahitaji nafasi ya kutua.

Basi jaribu hivi, moja baada ya nyingine, kila moja kwenye nakala yake. Ukiyafanya yote kwa mpigo hutajua dawa ipi iliyoponya.

Baki na baba baada ya neno "Ijumaa" kwa fremu 30 hivi, yaani sekunde moja na robo kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Itaonekana ndefu mno ukiwa peke yako mbele ya kompyuta, ukumbini haitaonekana hivyo. Kisha kata kwenda kwa mama, si kwa mtoto. Picha ya mtoto aliyetoa macho itoe kabisa hata kama ni nzuri, na utafute kwenye picha ghafi mahali ambapo anasikiliza au anatazama sahani yake. Mara nyingi huwa ipo kabla mwongozaji hajasema "anza" au baada ya kusema "kata", mwigizaji akiwa hajui kwamba bado anapigwa. Watoto hasa huwa wakweli zaidi hapo.

Jaribio la pili ni kutoka kwenye kikao mapema. Kata sekunde 30 au 40 za mwisho, pamoja na ule utani mkali. Utauma, lakini utani unaweza kuhamishwa katikati ya kikao, ilhali barua ya benki haina kwingine.

La tatu, weka kati yao kitu kisicho cha kuchekesha wala cha kuhuzunisha, cha sekunde 25 hadi 40: mama akitoa barua kwenye sanduku la getini, akizipekua, akisimama kwenye moja. Usimwonyeshe akishtuka. Sauti nayo ifanye kazi yake: kelele za kikao zikatike kabla ya picha, na ule mvumo wa friji la jikoni uingie kama sekunde mbili mapema. Sikio hubadili hali kabla ya jicho, na wahariri wengi wapya hukata sauti na picha kwenye fremu moja kama wanaogopa kuzitenganisha.

Ikiwa baada ya haya bado watu wawili watatu wanacheka, sikiliza wanavyocheka. Kuna kicheko cha mshtuko: kifupi, cha puani, kinakatika ghafla na chumba kinakuwa kimya kuliko kilivyokuwa. Hicho ni zawadi, kiache. Kuna kicheko cha dharau au cha mazoea: kinasambaa, watu wanatazamana, na sentensi inayofuata ya mama inapotea. Hicho ndicho kinachokuharibia onyesho.

Sasa kuhusu umbo la filamu nzima, na hapa nadhani ndipo tatizo kubwa lilipo kuliko dakika ya 61. Nusu inacheka, nusu inalia. Watu wengi wakiambiwa toni inayumba hukimbilia kupunguza vichekesho vya mwanzo. Mimi ningeanza upande wa pili: ni nani aliyevifukuza vichekesho kwenye nusu ya mwisho? Mtazamaji aliyecheka saa nzima halafu akanyang'anywa kicheko kabisa huona ametapeliwa, na atakichukua mwenyewe mahali usipotaka.

Dakika kumi za kwanza ni ahadi. Ndani yake pawe na angalau jambo moja zito lisilofanyiwa mzaha, hata dogo: baba garini akila chakula alichofungiwa na mkewe, akikunja karatasi vizuri ili airudishe nyumbani kama mtu aliyekula ofisini. Kama onyesho la namna hiyo liko dakika ya 35, lihamishe lije kati ya dakika ya 4 na ya 8. Vivyo hivyo, nusu ya pili iwe na kicheko mara mbili au tatu, na kitoke kwa watu wale wale. Jirani mwenye tepu akibisha hodi siku mbaya kuliko zote kudai sentimita zake, filamu inapata uti wa mgongo. Na tukimwona anaondoka, anasita getini, hana pa kwenda isipokuwa nyumba yake tupu, hata ule ucheshi wa dakika ya 58 utabadilika maana kwa kurudi nyuma. Hilo huenda likahitaji siku moja ya kupiga picha za nyongeza. Kwa maoni yangu ndiyo siku pekee inayostahili gharama, na ifanye mwishoni, ukishajua filamu inaomba nini hasa.

Kabla ya kuhamisha chochote, tengeneza ramani. Kila onyesho liwe na kadi yake, na kwenye kadi uandike mistari mitatu: mhusika anahisi nini, mtazamaji ahisi nini, tunamtazama kutoka upande wa nani. Mstari wa tatu ndio mgumu. Zibandike ukutani kwa mfuatano, na kila kadi ambayo filamu inamcheka mtu badala ya kucheka naye ichore alama nyekundu. Nyekundu zikijaa kwa majirani tu, umepata ugonjwa. Zikiwa zimetawanyika hadi kwa mama na watoto, una filamu ya dhihaka inayojifanya ya huruma, na hiyo ni kazi ya muswada zaidi kuliko ya uhariri.

Kwa majirani, rudi kwenye teki zote, yaani kila mara onyesho lilelile lilipopigwa upya. Wakati wa kuchagua, mhariri aliyechoka hupenda ile iliyomchekesha siku hiyo, kwa kawaida teki kubwa, yenye mikono hewani na sauti juu. Tafuta ile ambayo mwigizaji anaamini kweli kwamba ua ule ni mrefu mno na kwamba jambo hilo lina maana. Itachekesha kidogo kidogo, lakini itaishi nyumba moja na familia yako. Lenzi uliyopigia huwezi kuibadilisha tena, ila kama ulipiga kwa 4K na unamalizia kwa HD, ambayo upana wake ni nusu ya 4K, picha ya mbali inaweza kukuzwa hadi maradufu ukali ukabaki, na kumtoa jirani katikati ya utupu ule unaomdhalilisha. Uso uliovutwa na lenzi pana utabaki umevutwa, usitegemee miujiza. Rangi iache mpaka mwisho. Haijawahi kurekebisha toni, huipaka poda tu.

Muziki. Uondoe wote, hata wa muda ulioazima mahali, na utazame filamu nzima kimya. Kwenye filamu za mitaa ya namna hii mara nyingi mkosaji ni ule muziki wa nyuzi za kudonoa donoa unaowekwa chini ya maonyesho ya majirani. Unamwambia mtazamaji "hawa si watu, ni vikaragosi", halafu dakika tatu baadaye unamwomba aamini watu. Rafiki aliyekushauri muziki wa huzuni mapema ana nia njema, lakini muziki unaotangulia barua mezani humwamuru mtazamaji alie, na watu wakiamriwa kulia hukaza shingo. Ukihitaji muziki pale, uanze mama akishaondoka mezani, barua imebaki, na hakuna aliyeigusa.

Kuondoa vichekesho vyote inawezekana, sitaki kukudanganya. Utapata filamu ya dakika 80 hivi, yenye toni moja, safi, na pengine ya kuchosha, kwa sababu baba anayeficha bila kuchekesha ni mwongo tu. Ningelifikiria hilo endapo tu ramani itakuonyesha kwamba majirani hawamgusi baba kwa lolote: hakuna anachokipoteza au kukiogopa kwao. Kama ndivyo, kamati ya mtaa ni pambo, na pambo huondolewa.

Umeniambia pia kwamba sehemu ya hadithi imetoka nyumbani kwenu, nami sitalipita hilo kimya kimya. Hadithi za nyumbani huyumba toni mahali pamoja panapotabirika: pale ambapo mwandishi anamlinda mtu. Tazama kwenye ramani ni mhusika gani ambaye kila akikaribia kuumia filamu inapachika mzaha. Kama ni yuleyule kila mara, hapo ulikuwa unamsitiri mtu halisi. Si dhambi, ila uhariri hautajua namna ya kukusaidia mpaka uamue mwenyewe kama unamwacha aonekane.

Ukishafanya hayo, onyesha tena kwa watu 8 hadi 12 wapya. Wale tisa wameshaharibika, wanajua kinachokuja. Wasiwe ndugu, na wasiwe watu wa filamu kupita theluthi. Waombe ruhusa, weka simu mbele ya chumba inase sauti yao pamoja na ya filamu, ili baadaye uone kila kicheko kiko dakika na sekunde ya ngapi. Usiulize "toni ikoje?", maana utawapa neno nao watakurudishia. Uliza: ulimcheka nani zaidi? Ni wapi ulitamani kushika simu? Baba ni mtu wa namna gani? Wakimweleza baba kwa maneno yanayogongana lakini kwa upole, umefika.

Filamu ikikataa baada ya maonyesho mawili ya namna hiyo, tafuta mhariri mwingine akae nawe ana kwa ana. Awe hajasoma muswada wala hajasikia hadithi yako, maana wewe huwezi tena kuona kilichopo kwenye skrini bila kuona ulichokusudia. Usimpe filamu nzima mwanzoni. Mpe dakika ya 50 hadi ya 70 pamoja na teki zote za sehemu hiyo, kwa siku tatu au nne, nawe usiwepo siku ya kwanza. Na kama kuna mtu wa kwenu atakayejitambua kwenye filamu, zungumza na mwanasheria anayejua mambo ya filamu kabla ya kuionyesha hadharani. Baada ya hapo ni vigumu kurudi nyuma. Mtu huyo mwenyewe naye ni vyema aione kwanza, mkiwa wawili, bila wageni chumbani.